Wanaotuonyesha Ndege: Daftari la Safari ya Gede, Mida na Sabaki

Jumatano, Mombasa hadi Gede

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Ilianza mwaka 2006, na tangu 2018 huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Mei na Oktoba, kufuata kwenda na kurudi kwa ndege wenyewe. Kwetu Pwani ya Oktoba ndiyo tamu zaidi. Ndege wa kaskazini wamekwisha kuwasili, wamechoka na wana njaa, na matope ya Mida, hori ya bahari iliyo karibu na Gede, yanawasubiri.

Lakini safari hii sikuifunga kwa ajili ya ndege peke yao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa chama cha mazingira cha wanafunzi, na nimehudhuria sherehe za kutosha kujua nani husahaulika. Baada ya sherehe hutolewa picha ya ndege na picha ya mgeni wa heshima. Aliyemwonyesha mgeni yule ndege, kijana aliyewafundisha watoto kuchora, mama aliyeshika kayamba tangu asubuhi, wote hao huandikwa "wenyeji", basi. Nimekuja kukaa nao siku za maandalizi na siku yenyewe, niandike wanavyoifanya kazi yao.

Matatu ya Malindi ilijaa haraka Mombasa, tukavuka daraja la Kilifi kabla ya adhuhuri. Ukishaiacha Kilifi nyuma, mkono wa kushoto mashamba ya minazi na mikorosho yanakatika na msitu unaanza. Ndio Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Abiria wenzangu walikuwa wamelala. Mimi shingo ilikuwa imegeukia dirishani muda wote.

Nilishuka Gede, nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka karibu na stendi, kisha nikaingia magofuni. Mji huu wa Waswahili ulikaliwa tangu karne ya 12, ukahamwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Dada aliyenitembeza alianza pale wanapoanzia wote, kwenye msikiti mkuu na kaburi lililochorwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nilidhani ziara itabaki kwenye kuta. Tulipofika nyuma ya jumba la mfalme akapunguza sauti, akaanza kuangalia chini badala ya juu.

"Hapa kuna mgeni ambaye watu humkanyagia chakula chake," akasema.

Alikuwa akimtafuta ndege mmoja wa jamii ya mkesha, wa ardhini, mwenye madoa meusi kifuani, anayepindua majani makavu kutafuta wadudu. Kilichonivutia ni ratiba yake. Wahamaji wengi tunaowajua hutoka kaskazini wakati wa baridi ya Ulaya na Asia. Huyu hutoka kusini, hufika kwetu baridi ya huko inapoanza, akakaa chini ya miti ya magofu, na kufikia Oktoba huwa anaondoka au ameshaondoka. Tulisimama kimya, tukasikiliza majani. Hatukumwona. Dada yule hakuomba radhi wala hakunipoza kwa ndege mwingine. Alinionyesha mahali ambapo majani yalikuwa yamepinduliwa, upande wenye unyevu ukiwa juu, akaniambia hiyo ndiyo saini yake, jana au juzi alikuwa hapa. Nimeliweka hilo kichwani kwa ajili ya wanafunzi wangu: mtoto anaweza kufundishwa kuiona kazi ya ndege hata ndege mwenyewe asipojitokeza.

Mlango wa pili ni mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambao wakulima wa pembeni mwa msitu hufuga viwavi na kuuza pupa za vipepeo nje ya nchi. Nilipita kwa haraka, jua lilikuwa linazama.

Alhamisi, msituni

Kiongozi wangu alinisubiri kwenye kituo cha msitu cha Gede saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni mtu wa makamo, mzaliwa wa kijiji kinachopakana na msitu, na ni mwanachama wa chama cha waongoza wageni wa Arabuko-Sokoke. Chama hicho kimelea vizazi vya watu wanaoujua msitu huu kwa sauti. Wengi wao humtaja David Ngala, Mgiriama aliyeutumikia msitu huu kwa miongo kadhaa, kwa heshima anayopewa mwalimu wa kwanza.

"Tusitembee kwanza, mwalimu," akaniambia. "Msitu unaamka kwa zamu."

Basi tukasimama. Kila sauti iliyotoka gizani aliinua kidole, akataja jina la ndege, aina ya mti aliopo na umbali wake. Shorobo wa Fischer akakoroma upande wa barabara. Hondohondo wakapita juu, mabawa yakisikika kabla hawajaonekana. Nilikuwa na kitabu na darubini na sikuvigusa. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshausikia msitu mzima ukiwa umepangwa, nani yuko chini, nani katikati, nani kileleni.

Kisha akanifundisha jambo ambalo nitalifundisha hadi nistaafu. Aliniambia niwe naangalia viatu vyangu. Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu ndani ya jina moja. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko, miti ya kila namna. Katikati kuna mkanda wa mirihi, miti mirefu iliyoachana kwenye mchanga mweupe, jua linafika hadi chini. Magharibi ardhi inageuka nyekundu, na hapo miti ni mifupi, imesongamana, matawi yamefungamana hata mtu hapenyi wima. Kila msitu una ndege wake. Ukitaka kujua uko wapi huna haja ya ramani. Vumbi lililo kwenye viatu litakwambia.

Kwenye mirihi viatu vilikuwa vyeupe. Tulitembea polepole mpaka akasimama ghafla, mkono nyuma, kiganja wazi. Kundi mchanganyiko lilikuwa linakuja kileleni: ndege wa jamii mbalimbali wanaotembea pamoja wakitafuta chakula, mmoja akifukua wadudu, mwingine akidaka wanaokimbia. Dakika chache na wameshapita. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuongozwa. Mwenyewe ningeona vivuli vinavyoruka. Yeye alikuwa ananiongoza kwa maneno matatu matatu: "Tawi lililovunjika, kulia, chini yake." Nikamwona chozi wa Amani. "Panda juu, shina jeupe, jani linalotikisika." Nikamwona mnana wa Clarke, kichwa cheusi, tumbo la njano, ambaye wengi sasa humwita mnana wa Kilifi, kwa kuwa duniani kote anaishi ndani ya kaunti hii tu.

Habari za mnana huyu alinisimulia tukiwa tumekaa juu ya gogo tukinywa chai ya chupa. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Baada ya hapo hakuna aliyejua anajenga kiota wapi. Watu walitafuta humu msituni, wakatafuta tena, hawakupata. Kundi la viota likaja kupatikana mwaka 2013 katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, kwa kazi ya wanachama wa kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wakishirikiana na shirika la uhifadhi la Nature Kenya. Miaka 100 kamili. Jina la kisayansi la ndege limebaki kuwa la mtu wa ng'ambo, na viota vimeonekana kwa macho ya watu wanaoyajua maji ya Dakatcha yanajaa lini na kukauka lini. Yeye hakulalamika. Alisema tu kwamba kila akimwonyesha mgeni ndege huyu, lazima pia amsimulie nani aliyekiona kiota.

Adhuhuri viatu vikawa vyekundu.

"Sasa tusiseme," akanong'ona.

Tuliacha njia, tukaingia vichakani tukiwa tumeinama. Alitangulia peke yake, akanitaka nikae chini, akatoweka. Baada ya muda alirudi akitambaa, akanigusa bega na kunionyesha niweke magoti yangu pale alipokuwa ameweka yake. Mbele yangu palikuwa na tawi na majani makavu. Niliangalia, sikuona kitu. Akakata kijiti, akakielekeza bila ya kukitikisa, nami nikafuata ncha yake. Jani moja likafumbua jicho la njano.

Bundi wa Sokoke. Walikuwa wawili, wamegusana mabega, mmoja wa kijivu na mwenzake wa rangi ya kutu. Urefu wake ni rula fupi ya mwanafunzi, ile ya sentimita 15, na kidole kimoja juu yake. Ameandikwa na wanasayansi mwaka 1966 tu, na makazi yake ni msitu huu, Dakatcha, na chini ya milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania. Yuko katika hatari ya kutoweka. Kiongozi wangu hakumpigia sauti ya simu ili amwamshe, hakumwashia taa. Alisubiri nitosheke, kisha akanivuta kwa shati. Tuliporudi njiani aliniambia wanabadilisha mahali pa kupeleka wageni ili ndege wasisumbuliwe siku mbili mfululizo, hata kama mgeni ameahidi nyongeza.

Nilimuuliza alijifunza wapi kuwaona. Akajibu kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akitega. Walitega ndege, walitega sange, yule mnyama mwenye pua ndefu na kiuno cha dhahabu anayekimbia juu ya majani makavu, kwa kuwa nyumbani kitoweo kilikuwa haba. Mtegaji lazima ajue mnyama atapita wapi kesho. Ujuzi ni uleule, ila sasa unalisha watoto wake bila ya kuua.

Pwani kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Kwa hiyo kazi yake ngumu kuliko zote, asema, haikuwa kuwafunza wageni kutoka Uingereza. Ilikuwa kuwaleta wazee wa kijiji chake. Aliwaleta mmoja mmoja. Akawaonyesha kwamba huyu anakula panzi na mende, kwamba anamwogopa mtu kuliko mtu anavyomwogopa yeye. Mzee mmoja alimwangalia bundi kwa muda mrefu kisha akauliza, "Na huyu ana mke mmoja tu?" Tangu siku hiyo, mzee yule ndiye wa kwanza kupiga simu akisikia shoka usiku.

Ijumaa, Dabaso

Asubuhi nilikuwa na mchoraji, kijana mwenye kibanda chini ya mwembe. Anachora ndege kwenye kitambaa na kuwachonga kwenye vipande vya mwembe na mkorosho. Nilimuuliza kama huchonga vigango pia, kwa kuwa watalii huviulizia sana. Akaacha kisu.

Kigango, aliniambia, si pambo. Ni nguzo ya ukumbusho inayosimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, na ikishasimikwa haiondolewi. Hata ikianguka huachwa ioze ilipo. Vigango vingi viliibwa vijijini na kuuzwa Ulaya na Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 karibu na Kaloleni vilionekana katika makumbusho mawili ya Marekani, vikarudishwa kwa familia mwaka 2007. Mchoraji huyu huisimulia habari hiyo kwa kila kikundi kinachokuja kwake kabla hajagawa penseli. Watoto wakijua kwamba kuna vitu havichukuliwi, asema, ni rahisi kuwaeleza kwa nini yai la ndege haliguswi. Nilikaa nikilifikiria hilo. Sijawahi kuyaunganisha mambo hayo mawili darasani, na ni jambo la wazi kabisa.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda nyumbani kwa mama kiongozi wa kikundi cha ngoma. Niliwakuta akina mama wamekaa mkekani wakitengeneza kayamba za kesho. Matete hukatwa urefu mmoja, yakapangwa sambamba na kufumwa kwa uzi safu mbili, juu na chini, katikati panabaki nafasi. Humo hutiwa mbegu za mturituri, nyekundu zenye doa jeusi, kisha pembeni panazibwa. Mama alitia mbegu kiganja kimoja, akatikisa karibu na sikio langu, akatoa chache, akatikisa tena. Nyingi mno zinazuia sauti, chache mno zinalia moja moja. Aliposhiba sauti aliifunga. Mjukuu aliyeokota mbegu iliyodondoka alinyang'anywa mara moja. Mturituri ukitafunwa ni sumu, na kila mtoto wa hapo analijua hilo.

Nilimuuliza kama kesho watacheza kifudu. Swali langu lilikuwa la mtu wa mjini.

"Kifudu ni cha matangani, mwanangu," akanijibu kwa upole. "Hakitolewi kwa ajili ya kupigwa picha."

Kisha akanieleza. Mekatilili wa Menza, mwanamke shujaa wa Kigiriama, alikwenda kijiji hadi kijiji mwaka 1913 na kifudu, watu wakamfuata kwa maelfu, ndipo akawahutubia wasikubali kutoa vijana wao kwa Waingereza. Inasimuliwa kwamba mbele ya afisa wa serikali aliweka kuku na vifaranga vyake, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Afisa alipojaribu, kuku akamparura. Oktoba ya mwaka huohuo alikamatwa na kupelekwa Kisii, kisha akatoroka akarudi kwa miguu, nchi yote ile ya katikati. Mama alisema kesho atawasimulia watoto habari ya kuku, ila ngoma watakayopiga ni ya furaha, ya mavuno.

Ninaomba waandaaji wa sherehe wasikie hili. Mara nyingi tunawaambia akina mama "chezeni ngoma ya asili", tunawapa dakika tano kati ya hotuba mbili. Mama huyu alitumia alasiri nzima kuamua wimbo gani unafaa na upi usiletwe. Huo ni uongozi wa kitaalamu, na hakuna kijitabu cha ratiba kinachouonyesha.

Jumamosi, Mida

Mwezi ulikuwa na bamvua, maji yamekupwa sana asubuhi. Kiongozi wa Mida, kijana aliyesoma kwa msaada wa mfuko wa masomo wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya unaogharimiwa na viingilio vya wageni wa hapahapa, alikuwa ameipanga siku nzima kwa saa ya maji. Maji yakiwa mbali ndege hutawanyika kwenye matope, huwaoni ila kwa darubini. Maji yanapojaa huwasukuma kuelekea ufukweni, na mchana wao wenyewe huja mbele ya kibanda cha kutazamia. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya michoro, michezo na ngoma. Ndege baadaye. Nimeona sherehe nyingine zikianza na hotuba hadi maji yameshajaa na ndege wameondoka.

Shule zilifika na mabasi, watoto wakakaa chini ya miti. Mchoraji wangu wa jana hakuwaambia wachore ndege. Aliwaambia wachore mdomo tu. Kila kikundi kilipewa aina moja: mfupi ulionyooka, mrefu ulionyooka, uliopinda chini, uliopinda juu, mnene mweusi. Halafu akachukua ndoo ya matope ya Mida na vijiti vilivyokatwa kwa urefu wa kila mdomo, akamwita mtoto mmoja kutoka kila kikundi achomeke kijiti chake. Kimoja kilifika kwenye makombe madogo ya baharini yaliyo juu, kingine kikagusa funza wa katikati aliyekuwa amemfukia, kirefu cha sululu kikafika hadi chini kwa kaa. Msichana mmoja, darasa la tano kwa kumkadiria, akasema bila ya kuulizwa, "Kwa hivyo hawagombani." Mchoraji akampa chaki, akamwambia aandike sentensi hiyo ubaoni.

Mama wa kayamba alifuata na kanga. Alitandaza kanga mstari mmoja kutoka mti hadi mti, akasema kila moja ni mahali pa kupumzika njiani: huku Siberia, huku Ghuba, huku Mida. Kayamba ikilia watoto wanaruka kutoka kanga hadi kanga. Ikinyamaza lazima mguu uwe juu ya kanga. Duru ya kwanza wote walipata nafasi. Kisha akakunja kanga moja, akasema hapa pamefukiwa, pamejengwa. Duru iliyofuata akakunja nyingine, hapa mikoko imekatwa. Watoto walishikana, wakasimama kwa kidole kimoja, wakaanza kuanguka nje. Wale walioanguka walikaa kando wakaitazama kanga moja iliyobaki katikati, imejaa miguu. Mama hakusema neno. Alizitandaza kanga upya, zote, na watoto wakapiga kelele za kurudi.

Saa nane maji yalianza kuingia. Tukapita kwenye daraja la mbao na kamba linalopita ndani ya mikoko, zaidi ya mita 200, linayumba. Kiongozi alitembea mbele akitaja miti kwa majina ya mabaharia na wajenzi: mkoko wenye mizizi ya upinde, mkandaa wa boriti, mchu unaosimama pembezoni, muia. Mwishoni kuna kibanda juu ya matope. Alikuwa amepanga darubini ya miguu mitatu katika kimo cha mtoto. Jambo dogo, lakini katika sherehe nyingine nimewaona watoto wakibebwa kwapani ili wachungulie kwa sekunde moja.

Walikuja. Kwanza vitwitwi wadogo wa mchanga, wanakimbia na kusimama. Kisha chamchanga wenye mdomo uliopinda, waliozaliwa katika tundra ya Siberia miezi michache tu iliyopita. Sululu wakaita. Halafu kundi zima la ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu, mdomo mnene wa kupasulia kaa. Hawa, Waingereza huwaita crab plover, ndio wanaoifanya Mida ijulikane. Huzaa katika pwani na visiwa vya Ghuba na Oman, na ndege wengine wa ufukweni hawafanyi wafanyavyo wao: huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga uliochomwa na jua husaidia kulilalia. Wanapomaliza, huja kwetu.

Kiongozi aliwaambia watoto, "Mababu wetu walipokea majahazi kutoka Oman kwa pepo za kaskazi. Hawa walikuwa wakija kabla ya majahazi."

Mtoto mmoja akauliza kama ndege hao wanajua Kiarabu. Wenzake wakacheka. Kiongozi hakucheka. Alimjibu kwamba makinda yao hujifunza sauti ya mzazi huko, na hata wakiwa hapa Mida bado wanawafuata wazazi na kuomba chakula, sauti ambayo angeweza kuisikia sasa hivi akinyamaza. Wakanyamaza wote. Ikasikika: kinda kubwa la kijivu likimfuata mzazi na kumsihi alipe kaa. Yule mtoto aliganda kwenye darubini mpaka zamu yake ikabidi ikatwe.

Hotuba zilikuwepo, zilikuwa fupi. Sambusa za kaa zilikuwepo pia, nazo nilizishughulikia vyema.

Jumapili, mdomo wa Sabaki

Nilipanda gari hadi Malindi na kuendelea kaskazini mpaka darajani. Mto huu unaitwa Athi ukiwa bara, Galana ukipita Tsavo, Sabaki unapofika baharini, na rangi yake nyekundu ni udongo wa mashamba ya juu. Dada mmoja wa kikundi cha wenyeji cha uhifadhi alinipeleka kwa miguu hadi mdomoni. Heroe walikuwa wachache, shakwe wengi, na viboko wakatupulizia kutoka upande wa matete, tukawazungukia mbali. Yeye ndiye mwanamke peke yake anayeongoza wageni katika kikundi chao, na anawafunza wasichana wawili wa shule ya upili kila mwisho wa wiki.

Tulikaa mchangani tukazungumza pesa, kwa kuwa lazima izungumzwe. Aliwahi kualikwa na waandaaji wa sherehe fulani aongoze matembezi ya siku mbili, akalipwa fulana na soda, huku mtoa mada kutoka mjini akilipwa nauli, malazi na posho. Niliwauliza wote niliokuwa nao wiki hii, na kila mmoja ana fulana ya namna hiyo nyumbani. Ninajua shule hazina fedha nyingi. Lakini tukipata fedha za basi na za sambusa, za mkufunzi pia zitapatikana tukianza kumwita mkufunzi.

Jioni hii, kabla ya matatu ya kurudi Mombasa, nimeandika bajeti ya ziara ya chama chetu muhula ujao. Ina nauli, ina chakula, na ina wakufunzi watano: dada wa magofu, kiongozi wa msitu, mchoraji, mama wa kayamba, kijana wa Mida. Kila mmoja amenitajia kiwango chake mwenyewe nami nimekiandika bila ya kukipunguza. Barua ya wazazi nayo iko tayari. Tutakuja Januari, wakati wa hesabu ya ndege wa majini, maana kijana wa Mida amesema anahitaji watoto wenye mwandiko unaosomeka.